Hesabu ya Jokofu

Waraka umefika Jumanne, umelowa pembeni,
muhuri umevuja wino wa zambarau.
Mbwambo wa ugavi ameusoma akiwa amesimama mlangoni:
mikataba yote na kampuni za ng'ambo zinazosoma vinasaba
isimame, kuanzia leo, kwa usalama wa taifa.
Akaikunja karatasi mara mbili.
Akaniuliza, chai ipo?

Mimi ndiye mwenye ufunguo wa jokofu.
Nyuzi themanini chini ya sifuri,
vichupa mia sita na kumi na viwili:
watu wa Kibosho, wa Rombo, wa Mwika, wa Kahe,
kila mmoja amepunguzwa akawa tone
na namba.

Mashine yao iko pale pembeni, inanguruma kama paka aliyeshiba.
Tuliletewa bure.
Wahenga walituambia rahisi ni ghali;
bure ni shilingi ngapi, hawakusema.
Haili ila vitendanishi vyao.
Na usiku, Moshi nzima imelala,
ilikuwa inatuma kila ilichokisoma
kwenye nchi ambayo hata saa zake sizijui.

Niliwahi kuuliza. Fundi wao, kijana mpole,
anakula ndizi nyama kwa mkono kutushinda sisi,
alitabasamu: "Ni namba tu, dada Ndeshi.
Namba haina jina."

Baba yangu ni 0417.

Alikuja mwenyewe, akavua kofia kabla ya kunyoosha mkono.
Wakampa soda na skonzi.
Fomu ya ridhaa kurasa kumi na moja;
miwani aliiacha nyumbani, akabonyeza dole gumba.
Mimi ndiye niliyemshikia kidole.

Baba huyu huyu
aliyeburutana mahakamani miaka tisa na Mzee Lyatuu
kwa hatua tatu za kihamba,
aliyekuwa anaamka usiku na tochi kuhesabu masale,
asije mtu akayasogeza gizani.
Tumemzika hajauza hata mgomba mmoja.

Kifungu cha kumi na nne nimekisoma leo kwa mara ya kwanza.
Kinasema *popote*. Kinasema *daima*.
Kinasema *na warithi wake*.
Mrithi ndiye mimi, nimevaa glavu.
Kwenye damu hakuna aliyepanda isale.

Basi waraka una haki.
Nimezaliwa juu kule, kwenye mifongo;
najua anayeshika banio
ndiye anayeamua mahindi ya nani yakauke.

Lakini nje, kwenye benchi, yupo Foibe wa Kahe,
kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu,
mwanawe mapajani, macho yamekuwa manjano.
Majibu yake yalikuwa yarudi Ijumaa, kutoka huko huko.
"Yametoka, nesi?"
Mimi si nesi. Na nimwambie nini,
kwamba taifa limejikinga?
Nikamwambia mtandao uko chini, mama.
Uongo wa kila ofisi, hauna hata mwenyewe.
Akaitikia "haya," akamfunika mtoto kanga.

Mbwambo anasema serikali itanunua mashine yake.
Lini?
Anaangalia ndani ya kikombe
kana kwamba tarehe imezama kwenye majani.

Jioni nimehesabu, droo kwa droo.
Nilipofika 0417 nilimtoa nikamshika.
Barafu iliniunguza kupita glavu.
Nikawaza: mfuko wa koti, basi la Kibosho,
angeyeyuka kabla hatujapita daraja,
ningemmwaga penye mpaka wake, chini ya isale,
Lyatuu akichungulia.

Jokofu likaanza kulia, mlango umekaa wazi mno.

Kwenye fomu niliandika mia sita na kumi na kimoja.
Nikakata.
Nikaandika tena, taratibu, kwa mwandiko wa shule.